Kibbutz na Litowa
Neno kibbutz ni la Kiebrania, lenye maana ya mkusanyiko. Ki- yake isitupotoshe, haihusiani na ngeli zetu. Kijiji cha kwanza cha namna hiyo, Degania, kilianzishwa mwaka 1910. Kwetu, kilichokaribiana nacho zaidi ni Litowa, wilayani Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walilima huko shamba la pamoja, wakakata mashauri yao mkutanoni, si kwa amri ya mtu. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Vijiji vipatavyo 17 vikaungana katika chama chao, RDA. Lakini uhuru ule uliwaudhi viongozi wa mkoa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri.