Setilaiti ya 1971 na matatu ya Embu

Juzi nilipanda matatu Embu nikielekea Meru. Ukishapita Chuka na Nkubu, kabla hujaingia Meru mjini, unakutana na kibao cha ikweta ambapo wasafiri hupigia picha. Kijana mmoja mwanafunzi, tuliyekaa naye kiti kimoja, akaniuliza ikweta ina faida gani zaidi ya hizo picha. Nilimjibu kwa hadithi ndefu, na nimeona niiandike hapa pia, maana ndani yake kuna programu.

Wengi tumesikia habari za Uhuru, setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, ndipo ikapewa jina hilo. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Novemba 1971, jukwaa hilohilo lilirusha nyingine iitwayo Explorer 45. Hii haikupewa jina la Kiswahili, na nadhani ndiyo sababu hatuikumbuki. Ilikuwa na uzito wa kilo 52 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu gunia la mahindi. Ilizunguka dunia kwa muda wa karibu saa nane, ikishuka hadi kilomita 220 hivi kutoka ardhini na kupanda hadi karibu kilomita 27,000.

Kazi yake ilikuwa kupima elektroni na chembe nyingine zilizonaswa na sumaku ya dunia, pamoja na mawimbi yanayopita katika plasma, ile gesi yenye chaji za umeme inayojaa huko juu. Sasa kwa nini waje kurushia kwetu?

Chukua barabara ya Isiolo hadi Embu. Ikweta iko katikati, si mbali na Meru. Elektroni iliyonaswa ni kama matatu ya njia hiyo: inakwenda kaskazini, inageuza, inarudi kusini, inageuza tena, na safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua sekunde moja hivi. Nyingine hugeuzia mbali, Isiolo na Embu. Nyingine hugeuzia karibu. Nyingine ni kama bodaboda wa pale kibaoni, haziondoki ikweta kabisa. Ukisimama Embu kuhesabu magari utawakosa hao wote wa katikati. Ukisimama kwenye ikweta hakuna atakayekupita. (Ikweta ya sumaku haikai juu ya hii ya kibao, kwetu imesogea kaskazini hadi Ethiopia, lakini mfano unatosha.) Setilaiti inayotaka kuziona elektroni zote inafaa izunguke juu ya ikweta, na roketi ndogo kama Scout hufika huko kwa urahisi ikirushwa palepale.

Kulikuwa na fumbo. Mikanda ya Van Allen ni miwili, na katikati yake kuna pengo ambalo elektroni zenye nguvu ni chache. Nani anaziondoa? Hesabu za miaka hiyo zilisema ni mawimbi ya plasma. Wimbi linaisukuma elektroni kidogo kidogo: leo inageuzia Chuka, kesho Runyenjes, kesho kutwa Embu, mwisho inapitiliza na kuzama katika hewa ya dunia. Ukiyageuza mawimbi hayo kuwa sauti, utasikia mvumo kama redio isiyoshika stesheni. Aina nyingine inalia kama ndege wa alfajiri, nayo wataalamu wanaiita korasi.

Bahati ilikuwa upande wao. Mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, tarehe 17 Desemba 1971, dhoruba kubwa ya sumaku ilipiga dunia na pengo likajaa elektroni. Explorer 45 iliendelea kupita mlemle, mzunguko baada ya mzunguko, ikiziona zikipungua hadi hali ya utulivu ikarudi. Mwaka 1975 Lawrence Lyons na Donald Williams walilinganisha vipimo hivyo na hesabu za mawimbi, na vikapatana.

Mimi kama mwandika programu, kinachonifurahisha zaidi ni hiki: ndani yake kulikuwa na kichakataji cha data ambacho programu yake iliweza kubadilishwa kwa amri kutoka ardhini. Na siku ileile ya 15 Novemba 1971, tangazo la Intel 4004 lilichapishwa katika gazeti la Electronic News! Kompyuta ya kwenye chipu moja ilikuwa ndiyo kwanza inatangazwa dukani, na huku bahari ya Malindi ikapaa mashine ya kubadilishiwa programu angani.

Ilizimwa tarehe 30 Septemba 1974. Suala lenyewe halijaisha, kwa sababu elektroni hizo huingia ndani ya vifaa, zikarundika chaji, kisha cheche moja inaharibu saketi. Setilaiti za GPS hupita katika mikanda hiyohiyo. Mwaka 2012 Marekani ilirusha nyingine mbili kuichunguza upya, na nazo zilipewa njia iliyolala karibu na ikweta. Zilirushwa kutoka Florida. Jukwaa letu lilirusha setilaiti ya mwisho tarehe 25 Machi 1988.

Tulipofika Makutano kijana akauliza, "Na hizo data za 1971 ziko wapi sasa?" Nikamwambia ziko Marekani, katika hifadhi ya NASA huko Goddard, Maryland. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtu wa hapa anaweza kuzisoma. Nilimwandikia anwani ya tovuti yao nyuma ya tikiti yake.