Gharama ya Nakshi Umakondeni

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujazimika sawasawa, Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi akafuata bonde la Lukuledi hadi Masasi, kisha akapanda Newala, akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Miongoni mwa kazi za Wamakonde wa huko ni vijaluba vya mti vya kuwekea ugoro na dawa, ambavyo vizibo vyake huchongwa kichwa cha mtu. Ugoro haukai vizuri zaidi kwa kuwa kizibo kina macho na pua. Hata hivyo watu hao wa uwanda usio na mito, waliotelemka genge kufuata maji, walikubali kazi hiyo ya ziada. Basi anayesema kwamba pambo ni anasa ya walioshiba hana ushahidi upande huu. Ila tazama pambo lenyewe lilipowekwa: kichwa kile ndicho kishikio, na vidole hukishika kila kijaluba kinapofunguliwa. Nakshi inastahili bei yake inapokuwa ndani ya kazi yenyewe.

Kipimo hicho kilijaribiwa kwa ukali zaidi Dar es Salaam, katika miaka ya 1950 na 1960, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji walipochongea soko la wageni kupitia wafanyabiashara kama Mohamed Peera. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa ujamaa: gogo moja la mpingo, watu wamepandana na kushikana, na katikati yao matundu yanayopitisha mwanga. Watasema hizo ni mbwembwe za kumvutia mtalii. Mnunuzi alikuwa mgeni, ni kweli, lakini mpingo ni mti mgumu, mzito hata huzama majini, na kila tundu huongeza hatari ya gogo zima kupasuka. Uwazi ule ndio ujuzi unaolipiwa. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu ili ufanane na mpingo, huo ndio mbwembwe, na fedha yake ni hasara.

Kwa macho hayo naitazama kompyuta ya kung'aa. Mwaka 1998 Apple iliiuza iMac ya plastiki inayopenyesha mwanga kwa dola 1,299. Leo yako makasha ya kompyuta ya kioo, yenye taa za rangi. Taa haziongezi kasi hata kidogo, na kioo kikiziba upande wa mbele bila nafasi ya kutosha, hewa ya kupoza hupungua. Mpenzi wa makasha hayo atajibu kwamba kioo humwonyesha feni iliyosimama na vumbi lililojaa kabla mashine haijaungua. Hoja hiyo naikubali, maana katika miji ya vumbi kama Masasi kuona ndani ni sehemu ya kutunza. Kwa hiyo kioo cha ubavuni, chenye matundu ya hewa ya kutosha mbele na nyuma, nitakilipia nyongeza, taa sitazilipia.