Slocum na Miji ya Bandari
Joshua Slocum aling'oa nanga Boston tarehe 24 Aprili 1895, akatia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898: mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga, Spray. Lakini upweke huo ulibebwa na bandari. Gibraltar alionywa kuhusu maharamia wa njia ya Suez, akageuza safari. Punta Arenas alipewa misumari midogo ya zulia. Usiku akaitandaza sitahani, na wavamizi waliopanda pekupeku wakaruka majini wakipiga mayowe. Atasema mtu: kutoka Thursday Island hadi visiwa vya Keeling alikaa siku 23 bila msaada wa yeyote. Kweli, na ustadi ule nauheshimu mno. Ila Spray yenyewe ilikuwa mashua kuukuu aliyopewa na nahodha mwenzake huko Fairhaven.