Kutengua uingizaji wa makosa (udhibiti wa matoleo)

Kutengua uingizaji wa makosa ni kazi ya kuondoa faili zilizoingizwa kimakosa katika hazina ya mfumo wa udhibiti wa matoleo, kama vile folda isiyohusika, faili zenye nywila, au msimbo wa nje uliopakiwa mahali pasipo pake. Ugumu wake unatokana na sifa inayoipa mifumo hiyo thamani, yaani kutosahau.

Katika CVS

CVS, mojawapo ya mifumo hiyo, ilianzishwa na Dick Grune mwaka 1986, ikaandikwa upya kwa lugha ya C na Brian Berliner mwaka 1989. Kila faili huhifadhiwa peke yake kwa muundo wa RCS, mfumo wa udhibiti wa matoleo uliotangulia CVS. Amri ya cvs import huipa faili mpya toleo 1.1 kwenye shina (mstari mkuu wa matoleo) na 1.1.1.1 kwenye tawi la msambazaji. Watumiaji husoma kutoka tawi hilo mpaka mmoja wao aweke badiliko lake, ambalo huwa toleo 1.2.

Kwa sababu hiyo, kuingiza tena kimakosa juu ya faili zilizopo ni hatari iliyojificha: faili ambazo hazijaguswa hugeuka kwa watumiaji wote, ilhali zilizokwisha kubadilishwa hubaki zilivyo. Dawa yake ni kufuta lebo ya toleo jipya, kisha kuondoa toleo 1.1.1.2 lililoundwa na uingizaji huo kwa cvs admin -o. Amri hii haitenguliki, hivyo nakala ya akiba ni ya lazima.

Folda nzima ikiingizwa kimakosa, cvs remove huishia kuhamishia faili zake katika saraka ya Attic. Kuifuta kabisa humtaka msimamizi aiondoe kwa mkono ndani ya seva.

Katika Subversion

Tofauti na CVS, katika Subversion uingizaji mzima ni toleo moja, na svn delete huuondoa machoni. Kuufuta katika historia huhitaji zana kama svnadmin dump na svndumpfilter.

Katika Git

Git iliundwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kabla ya kusambaza kazi, git reset hutosha. Baada ya hapo njia ya busara ni git revert, inayoongeza badiliko la kinyume bila kuvuruga kazi za wenzako. Zana ya git filter-repo huandika historia upya, lakini nywila iliyokwisha kusambaa ni lazima ibadilishwe, kwani nakala zake zimo katika kompyuta nyingine.

Matumizi ya sasa

Miradi mingi imehamia Git. OpenBSD imeendelea na CVS.