Baiskeli za Abiria Mpakani Busia
Usafiri wa boda boda ulianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Kati ya vituo vya forodha palikuwa na mwendo wa kama nusu maili. Gari halikuvuka bila makaratasi, baiskeli ilipita. Vijana walifunga mto kwenye keria wakabeba wasafiri wa mfuko mwembamba, mizigo magotini. Enzi za utawala wa Idi Amin nchini Uganda, kahawa ya magendo nayo ilipandishwa baiskeli, hasa usiku. Biashara ya kubeba abiria ilifika hadi Tororo. Baadaye pikipiki ziliipiku baiskeli. Huko Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2018.