Miaka 70 ya Matombo: mlima uliokataa kuchimbwa ngazi

Julai 2025 ilitimia miaka 70 tangu wakulima wa Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, walipokabiliana na polisi wa serikali ya kikoloni kwa sababu ya ngazi walizolazimishwa kuchimba mashambani mwao. Mawe yalirushwa, risasi zikafyatuliwa, mtu mmoja akapoteza maisha. Katika simulizi za uhuru wa Tanganyika tukio hilo hupewa mstari mmoja, na mara nyingi hata huo haupo. Linastahili zaidi ya hapo, kwa sababu ugomvi wa Matombo ulihusu jambo kongwe kuliko ukoloni wenyewe: ni nani mwenye kauli juu ya namna ya kulima.

Ili kulielewa hilo, anzia Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, chini ya milima hiyo. Kuna ndizi zilizoshushwa kutoka Kinole, magimbi, mchele, miwa, tangawizi, pilipili manga, mdalasini. Ukimuuliza muuzaji vimetoka wapi atakuonyesha mlima, na atakuwa amesema kweli. Lakini mababu wa mimea hiyo yote walilimwa kwanza ng'ambo ya Bahari ya Hindi, barani Asia na katika kisiwa cha Guinea Mpya.

Mpunga ulianzia kando ya Mto Yangtze, China, ambako watu walikuwa wakiutumia na kuanza kuupanda miaka elfu tisa hivi iliyopita. Haukugeuka kuwa zao la shambani kwa siku moja. Mpunga wa mwituni hupukutisha punje zake zikishaiva, na mvunaji huambulia mabaki. Wa shambani hung'ang'ania punje mpaka upurwe. Wanaakiolojia huutambua mmoja na mwingine kwa kovu dogo lililobaki pale punje ilipoachana na kikonyo. Katika kijiji cha kale cha Tianluoshan, punje zenye kovu la mpunga wa shambani zilipanda kutoka asilimia 27 hadi 39 katika muda wa miaka 300 hivi, karibu miaka 6,900 hadi 6,600 iliyopita. Vizazi kumi na zaidi vya wakulima, na bado punje za namna hiyo hazikufika nusu. Hakuna aliyetoa amri. Watu walivuna, wakaweka mbegu, wakapanda tena, na mmea ukabadilika pole pole mikononi mwao.

Migomba na magimbi yana hadithi inayofanana. Kule Kuk, katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, wataalamu wamekuta dalili za mashamba ya migomba ya karibu miaka 7,000 iliyopita, na muwa nao asili yake ni pande hizo hizo. Mkoa wa Morogoro wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa una deni kwa wakulima ambao majina yao hayatajulikana kamwe.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Mtama, ulioanza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ulivuka kwenda India karibu miaka 4,000 iliyopita na kuwa chakula cha mamilioni ya watu huko. Kwa hiyo mpunga ulipotua katika mwambao wetu haukukuta watu wasiojua kulima. Ulikuta mtama, uwele na ulezi. Mwanaakiolojia Alison Crowther na wenzake, walioandika mwaka 2016, walikuta jambo la kuvutia katika punje zilizoungua za karne ya 8 hadi ya 10: huko Komoro na Madagaska mazao ya Asia kama mpunga, choroko na pamba ndiyo yaliyotawala, wakati sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki iliendelea kula nafaka zake za asili. Pemba ilitangulia wengine. Tumbe, kisiwani humo, tayari ilikuwa na mpunga. Pwani iliujua mpunga, ikauonja, na ikachukua muda wake kabla ya kuupa nafasi.

Morogoro nayo ina ushahidi wake wa kale. Randi Haaland na Cornelia Msuya walichapisha mwaka 2000 matokeo ya uchimbaji wao Dakawa, kaskazini ya mji, kwenye makazi ya watu waliofinyanga vyungu na kufua chuma katika Zama za Chuma za Mwanzo. Leo Dakawa inajulikana kwa skimu ya umwagiliaji na kituo cha utafiti wa mpunga. Anayepalilia jaruba pale anakanyaga ardhi ya wahunzi wa zamani, na inasikitisha kwamba ni wachache wanaoambiwa.

Sasa twende Matombo, ambako amri ilitolewa. Ninayoyajua juu ya mwaka 1955 nimeyapata zaidi katika maandishi ya watu watatu. Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu chao juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, na Fosbrooke alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Pamela Maack, aliyeandika miaka ya 1990, aliwapa nafasi wakulima wenyewe. Mimi naegemea kwa Maack.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Maofisa walitazama miteremko ile mikali, wakaona udongo unaporomoka kwenye mito inayoingia Ruvu, wakaamua dawa ni ngazi. Mlima ukatwe vipande vya bapa kutoka chini hadi juu, na kila mkulima achimbe sehemu yake. Kuchoma mabaki ya shamba kukapigwa marufuku. Aliyekaidi alipelekwa katika mahakama ya wenyeji na kutozwa faini. Waliotumwa kusimamia hayo hawakuwa Wazungu peke yao. Sultani Sabu wa Waluguru na wandewa waliokuwa chini yake walitakiwa kuhakikisha majembe yanainuka, na kwa hilo wakajikuta upande wa pili wa ndugu zao.

Tatizo la kwanza lilikuwa chini ya jembe. Udongo mweusi wenye rutuba kwenye miteremko hiyo una kina kifupi. Ukiuchimba ili kupata bapa, unaufukia huo mweusi na kuufunua udongo mwekundu wa chini, mgumu, usio na nguvu. Mahindi yaliyopandwa juu yake yalitoka membamba na ya manjano. Mtu alichimba kwa jasho wiki baada ya wiki, kisha akavuna pungufu ya jirani aliyekwepa. Wanaosifu ngazi za mpunga za Ufilipino na kusini mwa China husahau kwamba kule ngazi hushika maji, na udongo wa mfinyanzi chini ya maji ni msaada kwa mpunga. Matombo walilima mahindi na mpunga wa mlimani unaotegemea mvua. Ngazi kavu haikuwapa walichokuwa wakikitafuta.

Tatizo la pili hata maofisa waliokuwa na nia njema hawakuliona mapema. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mtu wa ukoo mwingine huweza kupewa kipande alime, lakini haruhusiwi kuacha juu yake alama ya kudumu, kwa mfano mti, kwa kuwa alama hiyo huzaa madai. Ngazi ni alama ya kudumu kuliko mti. Mkopaji aliyechimba angeweza kesho kusema shamba ni lake. Mwenye ukoo aliyeruhusu ichimbwe angeonekana ameigawa mali ya wajomba zake. Serikali iliona uvivu pale ambapo wazee waliona urithi wao unapotea.

La tatu ni kazi yenyewe. Siku za kuchimba ngazi ziliibwa kwenye siku za kulima chakula, na wanawake, ambao ndio walioshika jembe kwa sehemu kubwa ya mwaka, waliubeba mzigo huo zaidi. Wakati huo huo chama cha siasa cha TANU kilikuwa kimezaliwa Julai 1954, na habari zake zilikuwa zimeshapanda mlimani.

Ndipo ikafika Julai 1955. Umati ulikusanyika Matombo, maneno yakaisha, polisi wakatumia nguvu. Baada ya damu kumwagika, ulazima wa ngazi ukafa. Mpango uliotumia fedha, maofisa na miaka mitano ukasimamishwa na watu wenye majembe, na mamlaka ya Sultani hayakurudi tena yalivyokuwa.

Maandishi ya kiofisi ya wakati ule yalipenda kumlaumu mchochezi wa kisiasa kutoka mjini. Siikubali hoja hiyo kama maelezo ya kutosha. Kule Mgeta, magharibi ya milima hiyo hiyo, watu walikuwa na ngazi zao na hawakuhitaji kusukumwa. Tangu enzi za Wajerumani walikuwa wameanza kulima mboga za Ulaya, wakachepusha vijito kwa mifereji, na kabichi na njegere zikawalipa. Penye maji na soko, ngazi ilikuwa na faida, wakaichimba. Mluguru yule yule, mlima ule ule.

Haki pia inataka kusema kwamba hofu ya maofisa juu ya udongo haikuwa ya kubuni. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya karibu milimita 100 ilishuka Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi, na mamia ya sehemu za mlima yakaporomoka. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza maporomoko hayo: karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na majani, chini ya asilimia moja yakiwa msituni. Miti ndiyo iliyoushika mlima. Msitu wa juu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na Ruvu bado inanywesha Dar es Salaam.

Mtoto wa Morogoro anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa anajua Mesopotamia na Mto Nile, lakini hajui kwamba babu yake aliusimamisha mpango wa kilimo wa dola zima. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 Julai ile alitimiza 85 mwaka 2025. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya mlima huo, Mzumbe haiko mbali, na kila mwanafunzi wa vyuo hivyo ana simu inayoweza kurekodi sauti. Wapande Matombo mwaka huu, wasisubiri miaka 75.