Tumbaku na Hesabu za Madaktari

Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Mwaka 1975 kikawa mali ya umma kabisa, na mwaka 1995 hisa zake nyingi zikauzwa kwa kampuni ya Marekani. Kwa hiyo kwa miaka 20 Serikali iliyojenga zahanati ndiyo hiyo hiyo iliyouza sigara. Haikuwa peke yake duniani.

Wakati huo habari zilikwishajulikana. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji kuliko wagonjwa wengine. Mwaka 1954 makampuni ya Marekani yakalipia matangazo magazetini yakidai kwamba ushahidi haujathibitika. Ubishi tunaousikia vijiweni, kwa maoni yangu, una asili yake humo: ulinunuliwa kwa fedha.

Kule Nyangoto, wilayani Tarime, mzee mmoja aliwahi kuniambia kuwa baba yake alivuta kiko mpaka meno yakaisha, asikohoe hata siku moja. Nami sikukataa. Wapo watu wa namna hiyo, lakini tunawahesabu kwa sababu wamebaki. Waliokufa mapema hawaji barazani kubishana. Doll aliwahesabu wote. Tangu 1951 aliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na mwaka 2004 akatoa jibu: mvutaji wa maisha hupoteza wastani wa miaka 10. Anayeacha akiwa na miaka 60 huokoa mitatu hivi. Mzee alicheka, akasema mitatu si haba.

Lakini mimi nawafikiria zaidi vijana wa Nyangoto wanaochimba na kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi la mawe huumiza mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu. Moshi wa sigara nao hufanya kazi hiyo hiyo. Kijana hununua sigara moja moja, kwa hiyo haoni kuwa anatumia fedha, wala onyo lililoandikwa kwenye paketi halioni. Akiacha akiwa na miaka 30, hesabu za Doll humrudishia karibu miaka yote 10. Vumbi litabaki pale pale, na hilo wanapaswa kuulizwa wenye mashimo.